Swali: kurusha ndege kutoka manowari kulimsaidia nini John Young kwenye safari za anga?

MwalimuWaFizikia_Moshi

Habari za jioni wadau. Klabu ya sayansi ya shule yetu hapa Moshi inaandaa ubao wa maonyesho kuhusu John Young, rubani wa jeshi la majini la Marekani aliyekuja kuwa mwanaanga. Miaka na majina ya safari tunayo: Gemini 3 na 10, Apollo 10 na 16, kisha shato (chombo cha anga chenye mabawa kilichorudi ardhini kama ndege, kilistaafishwa 2011) mwaka 1981 na 1983. Wanafunzi wa kidato cha pili wanataka zaidi ya orodha. Wanauliza kwa nini wanamaji, watu wa baharini, ndio walijaa kwenye safari za mwezini. Wanauliza pia kama kutua juu ya meli ndiko kulikomfundisha kutua na shato. Na wa tatu anauliza ni kitu gani kiliharibika katika safari zake, maana wanaona vitabu vinaandika kana kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Naomba majibu yenye namba, wao wenyewe watazikagua kwa hesabu.

Mrengo_KIA

Mwalimu, hao wanafunzi wameuliza vizuri. Nianze na hesabu ya wanamaji, kwa sababu watu wengi hawaijui. Watu 12 walitembea juu ya mwezi. Saba kati yao walijifunza urubani katika jeshi la majini: Armstrong (aliyekuwa ameshaacha jeshi), Conrad, Bean, Shepard, Mitchell, Young na Cernan. Wanne walitoka jeshi la anga, na Schmitt alikuwa mwanajiolojia. Waliosafiri hadi mwezini mara mbili katika Apollo ni watatu tu, Lovell, Young na Cernan, na wote watatu ni wanamaji.

Sababu msiitafute kwenye ushujaa. Itafuteni kwenye njia waliyopitia. Young alizaliwa San Francisco mwaka 1930, akakulia Orlando, akamaliza shahada ya uhandisi wa ndege Georgia Tech mwaka 1952. Jeshi la majini lilimpeleka kwanza kwenye manowari ya kawaida, USS Laws, wakati wa vita vya Korea. Urubani ulikuja baadaye. Alirusha ndege za kivita kutoka meli za kubeba ndege, na mwaka 1959 akaingia shule ya marubani wa majaribio ya Patuxent River. Hapo ndipo penye jibu. Rubani wa majaribio analipwa kupeleka ndege pale inapoanza kukataa, kisha arudi aandike kwa namba ni nini kilitokea, kwa mwendo gani, kwenye kimo gani, ili mhandisi arekebishe. NASA, shirika la anga la Marekani, ilipochagua kundi la pili la wanaanga, watu tisa, Septemba 1962, ilikuwa inatafuta watu wa namna hiyo hasa.

Kwa ubao wenu chukueni rekodi zake mbili za mwaka huohuo wa 1962 akiwa na ndege ya Phantom. Kutoka kusimama chini hadi mita 3,000 alitumia sekunde 34.523. Katika jaribio jingine alifika mita 25,000 kwa sekunde 230.44. Wapeni wanafunzi wagawanye: la kwanza linatoa wastani wa mita 87 hivi kwa sekunde, la pili mita 108 hivi. Watauliza kwa nini safari fupi ina wastani mdogo. Ni kwa sababu sekunde 34 zile zinajumuisha pia muda wa kukimbia ardhini kabla ya kuruka na muda wa kukusanya mwendo, na kwenye safari fupi muda huo unakula sehemu kubwa. Mita 25,000 ni zaidi ya mara nne ya kimo cha Kibo, mlima wanaouona kila asubuhi mawingu yakiruhusu.

Swali la pili linahitaji uangalifu, kwa sababu jibu rahisi ni la uongo. Kutua juu ya meli na kutua na shato ni kazi mbili zinazopingana karibu kila hatua.

Juu ya meli rubani anashuka kwenye mteremko wa digrii tatu na nusu hivi, akifuata taa ya mwongozo iliyo pembeni ya sitaha. Hanyanyui pua mwishoni ili kutua taratibu, anaigonga sitaha kwa mteremko uleule. Ndege ina ndoano mkiani, na sitaha ina kebo za chuma zilizolazwa kukatiza njia. Magurudumu yakigusa tu, anasukuma injini hadi nguvu zote. Hapo wanafunzi hushangaa: mbona anaongeza nguvu wakati anataka kusimama? Ni kwa sababu ndoano inaweza kuzikosa kebo zote, na akiwa amepunguza nguvu hana tena mwendo wa kupaa, anaangukia baharini mbele ya meli. Kebo ikimshika anasimama ndani ya mita 100 hivi, kwa sekunde mbili au tatu. Uwanja wetu wa ndege wa KIA una njia ya mita 3,600 hivi, nadhani mnaona tofauti.

Shato haikuwa na hata injini moja ya kutumia wakati wa kutua. Ilishuka kwa mteremko wa digrii 19 au 20, wakati ndege ya abiria hushuka kwa digrii 3. Ilipofika kama mita 600 juu ya ardhi rubani alilazimika kuanza kunyanyua pua, na iligusa ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 350 kwa saa. Hakukuwa na kuzunguka na kujaribu tena. Mwenye mazoea ya meli, ya kugonga bila kunyanyua pua, angeivunja. Walijifunza upya kabisa, kwa ndege ndogo ya Gulfstream iliyorekebishwa iweze kushuka kwa ukali huo: waliteremsha magurudumu makuu na kugeuza msukumo wa injini nyuma wakiwa bado angani.

Kwa hiyo waandikeni hivi: meli haikumfundisha namna ya kutua na shato. Ilimzoeza kushika mwendo na mteremko bila kuyumba, na kuamua mapema.

Jiwe_la_Meru

Naongezea Apollo 16, Aprili 1972, kwa sababu hapo mwalimu ana somo ambalo wanafunzi wa Moshi na Arusha watalielewa kuliko wa sehemu nyingi.

Young na Charles Duke walitua nyanda za juu za Descartes. Wanajiolojia walikuwa wamezitazama picha, wakaamini vilima na tambarare zile ni kazi ya volkano. Wanaanga walifunzwa kutafuta mawe ya volkano. Walipofika, karibu kila jiwe walilookota lilikuwa breksia, yaani vipande vya mawe yaliyovunjwavunjwa kisha vikashikamanishwa upya. Vilivunjwa na vimondo vikubwa vilivyoupiga mwezi. Nadharia ikabadilishwa na ushahidi wa mkononi, na heshima ya Young na Duke ni kwamba waliripoti walichokiona hata kama sicho walichotumwa kukitafuta. Walirudi na kilo 95.7 za mawe na udongo. Moja peke yake lina kilo 11.7, ndilo jiwe kubwa kuliko yote ya Apollo.

Sasa tahadhari, mwalimu. Wanafunzi wakienda upande wa Momella watakuta mawe yenye vipande vyenye kona kali, wataruka kusema ni kama ya mwezini. Siyo. Yale ni mabaki ya upande wa Mlima Meru ulioporomoka. Jiwe lenye vipande peke yake halithibitishi kimondo. Kinachothibitisha ni alama za mgandamizo mkali ndani ya madini na kioo kilichoyeyuka ghafla, na hayo yanaonekana kwa hadubini.

Mkitaka sampuli ya kuonyesha, pondeni tofali la kuchoma na vipande vya mkaa hadi saizi ya punje ya mahindi na ndogo zaidi. Changanyeni sehemu mbili za vipande na sehemu moja ya saruji, maji kidogo tu, jazeni kopo. Acheni siku tatu, halafu livunjwe kwa nyundo, aliyeshika nyundo avae miwani ya kinga. Uso uliovunjika ndio wa kuonyesha, ule wa nje hauonyeshi kitu. Pembeni wekeni jiwe la kawaida la volkano lenye matundu ya gesi, hayo hamtayakosa. Mwandike wazi kwamba mwezini kilichoshikamanisha vipande si saruji, ni joto na mgandamizo wa pigo lenyewe.

MwalimuWaFizikia_Moshi

Asanteni sana, ndugu zangu. Hilo la Momella lingetupata kweli. Bado la tatu: yaliyoharibika. Na kuna mmoja anauliza kama Mtanzania anaweza kufuata njia hiyo.

Kapi_na_Kamba

Yaliyoharibika ni mengi, nachagua yale yenye chanzo kinachoeleweka.

Gemini 3, Machi 1965. Young aliingia na sandwichi ya nyama ya chumvi aliyoificha kwenye suti. Kilichowatia wakubwa hasira si utundu. Mkate hutoa makombo, na pasipo uzito makombo hayaanguki, yanaelea hadi nyuma ya paneli zenye nyaya. Chakula rasmi kilipakwa gelatini kuzuia hilo hasa.

Apollo 16, kabla ya kutua. Mattingly, aliyebaki kwenye chombo kikuu, alijaribu mfumo wa akiba wa kuelekeza mdomo wa injini kuu, ukaanza kutikisika. Injini hiyo ndiyo ya kuwarudisha nyumbani. Kutua kulicheleweshwa kwa saa sita hivi hadi wahandisi walipojiridhisha kwamba hata ukitumika ungeongoza chombo. Juu ya mwezi, mguu wa Young ulinasa kebo ya kipimo cha joto la ardhini, ikang'oka, na jaribio zima likafa. Suti ile hairuhusu mtu kuona miguu yake, na kwa uvutano wa moja ya sita kebo ngumu hailali chini, inabaki imejikunja juu kama mtego.

Shato ya kwanza, Columbia, Aprili 1981, yeye na Robert Crippen, mwanamaji mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza roketi mpya kuruka na watu bila kujaribiwa kwanza ikiwa tupu. Roketi za pembeni zilipowaka, wimbi la mgandamizo lilirudi juu kutoka kwenye jukwaa likalisukuma bapa la chini ya mkia kupita kiwango lilichoundiwa. Vigae 16 vya kukinga joto viling'oka na 148 vikaharibika. Kabla ya safari ya pili jukwaa liliongezewa maji mengi ya kumeza wimbi hilo.

Mwaka 1983, safari yake ya sita, kompyuta mbili za kuongozea chombo zilizimika moja baada ya nyingine wakati wa kujiandaa kurudi. Hakushuka. Alisubiri karibu saa nane, watu wa chini wakachunguza. Na bado, wakati wa kutua, mafuta ya haidrazini yaliyovuja yaliwaka moto kwenye mitambo ya nyuma inayoendesha haidroliki.

Nawasihi mwandike pia kazi yake ya mezani, maana kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Aliongoza ofisi ya wanaanga kuanzia 1974 hadi 1987 na aliandika barua za ndani nyingi mno kuhusu hatari alizoziona. Baada ya shato ya Challenger kulipuka Januari 1986 alisema waziwazi kwamba ratiba ilikuwa imewekwa mbele ya usalama. Mwaka uliofuata aliondolewa uongozi wa ofisi hiyo akapewa cheo cha ushauri wa uhandisi na usalama. Hakuacha kuandika. Alistaafu mwisho wa 2004 akiwa na miaka 74, akafariki Januari 2018.

Mrengo_KIA

Kuhusu Mtanzania, kwa kifupi: NASA inataka uraia wa Marekani, shahada ya uzamili ya sayansi, uhandisi au hisabati, na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu, au saa 1,000 za kuwa rubani mkuu, nyingi zikiwa za jeti. Mlango huo kwa mwenye uraia wa Tanzania pekee umefungwa, asidanganywe. Lakini sehemu ya urubani na uhandisi iko wazi. Leseni hapa hutolewa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: ya binafsi huanzia saa 40 za kuruka, ya biashara saa 200, au 150 kwa kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa. Fizikia isiachwe kidato cha tatu, wengi hujikata hapo, na hisabati isipuuzwe.

MwalimuWaFizikia_Moshi

Nimeelewa. La mwisho: tarehe ya kutua Apollo 16 tunaikuta mara 20 Aprili, mara 21. Ipi sahihi?

Kapi_na_Kamba

Zote. Houston ilikuwa bado jioni ya tarehe 20. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa tarehe 21, saa kumi na moja na dakika 23 alfajiri. Columbia nayo iliruka tarehe 12 Aprili 1981, saa tisa kamili alasiri kwa saa zetu, ikatua tarehe 14 saa tatu na dakika 20 usiku. Chagueni saa za Moshi kwenye ubao wote na mwandike juu kabisa kwamba ni hizo, maana mkichanganya saa za Houston, Florida na California mpangilio wa matukio utawapinda.