Naomba ushauri: BIOS inanidai neno la siri

fotokopi_Kenya: Bandugu, niko Lubumbashi, nina kaduka ka fotokopi komini ya Kenya. Nataka mashine yangu ya kubeba (laptop) ianze kuwaka kwa flashi ili niweke Windows upya. Nikibonyeza F2, BIOS (programu ya ndani inayowasha mashine) inadai neno la siri. Nimetoa kibetri cha saa, nikakirudisha: saa imerudi nyuma miaka mingi, neno la siri liko palepale. Wateja wananisubiri.

fundi_wa_Katuba: Hila ya kibetri ni ya mashine za mezani. Za kubeba, hasa za ofisi, neno la siri hukaa ndani ya chipu isiyotegemea umeme. Ulitoa wapi hiyo mashine?

yaya_Bea: Rekebisha saa kwanza! Tarehe ikikosea, tovuti zinakataa kufunguka, zinasema cheti si halali. Yangu ilinisumbua hivyo hadi nikanunua kibetri kipya cha CR2032.

fotokopi_Kenya: Saa si shida, yaya.

papa_Lushi: Mdogo wangu alikuwa anasasisha BIOS, kurani (umeme) ikakatika katikati. Skrini nyeusi hadi leo. Na bado anadai ataitengeneza.

fundi_wa_Katuba: Sijajibiwa. Ulitoa wapi?

fotokopi_Kenya: Nilinunua kwa mtu. Ikiwaka inatoa nembo ya shirika fulani, lakini alisema walimwachia mkataba ulipoisha. Na fundi nimeshampa avansi abadilishe chipu, kwa hiyo msiniambie niirudishe.

mama_Neema: Karatasi ya kuachiwa uliiona? Mwanangu, bei nzuri ndiyo inayopeleka watu polisi.

mtoto_wa_Lushi: Ngojeni. Mashine imefungwa, saa aliionaje? Huyu anatutungia.

fotokopi_Kenya: Windows inawaka vizuri! Kilichofungwa ni mipangilio tu.

fundi_wa_Katuba: Hapo hadanganyi. Kuna neno la siri la kuwasha na kuna la msimamizi. Yeye amekwama kwa la pili. Lakini wewe fotokopi_Kenya, kama Windows inawaka, BIOS unaitakia nini? Weka Windows upya kutoka ndani ya Windows yenyewe. Ikimaliza na kudai akaunti ya shirika, ujue bado wanaihesabu yao, na chipu mpya haitabadilisha hilo. Tena chipu ya zamani mara nyingi ndiyo yenye ufunguo wa leseni ya Windows. Mzuie fundi.

mtoto_wa_Lushi: Tuma picha ya nembo, ndipo nitaamini.

fotokopi_Kenya: Haiwezekani, mashine iko kwa fundi tangu juzi.

mtoto_wa_Lushi: Na F2 unaibonyezea wapi?