Gumzo la ukoo: mbegu za viazi

*Rehema:* Shikamooni wakubwa. Kesho alfajiri napanda basi la Njombe pale Mbezi, nakuja kusaidia kupanda viazi. Nimeviona viazi mviringo vizuri sana Mabibo, nibebe madebe mawili ya mbegu?

*Baba Mdogo (Njombe):* Marahaba mwanangu. Usinunue. Kiazi cha sokoni hujui shina lake lilikuwaje. Kikiwa na ugonjwa wa mnyauko huwezi kuuona kwa macho, na ukishaingia kwenye udongo wetu kuutoa ni kazi ya miaka.

*Shangazi Mbagala:* Kweli kabisa. Ule mwaka tulionunua kwa mtu, kona yote ya bondeni ilinyauka majani yakiwa bado mabichi. Tulikata shina tukalisimamisha kwenye glasi ya maji, likatoa uzi mweupe kama maziwa, ndiyo mnyauko wenyewe. Mama, bibi yenu, alikaa juu ya tuta, hakusema neno.

*Rehema:* Pole jamani. Sasa bibi mbegu alikuwa anatoa wapi?

*Baba Mdogo (Njombe):* Shambani mwake. Viazi vikitoa maua anapita tuta kwa tuta na vijiti vya mianzi. Akikuta shina nene, majani hayana madoa wala hayajajikunja, anachomeka kijiti. Siku ya kuvuna, penye vijiti panachimbwa kwanza, na vyenye ukubwa wa yai la kuku ndiyo mbegu. Siku hizi watu wanauza vikubwa, wanakula vya kati, halafu vidogovidogo vilivyobaki ndiyo wanapanda. Vingi vya hivyo vimetoka kwenye mashina yenye ugonjwa. Linaniuma hili.

*Shangazi Mbagala:* Na hakuviweka gizani. Gizani vinachipua virefu, vyeupe, ukivigusa vinakatika. Yeye alivitandaza chini ya paa la kibaraza, vikatoa machipukizi mafupi manene.

*Baraka:* Lakini si vinakuwa kijani?

*Baba Mdogo (Njombe):* Vya mbegu sawa. Vya kula hapana, vina sumu.

*Rehema:* Na nafasi?

*Baba Mdogo (Njombe):* Tuta hadi tuta sentimita 75, kiazi hadi kiazi 30. Samadi iliyooza chini, udongo kidogo, ndipo kiazi, machipukizi yakitazama juu. Usikikate, kisu kinahamisha ugonjwa. Na safari hii tunapanda kulikokuwa na mahindi.

*Baraka:* Likizo ya Rehema ni siku 10. Kupandishia udongo nitakuja mimi.

*Rehema:* Asante kaka. Basi nije na nini?

*Shangazi Mbagala:* Sweta. Jembe langu la mpini mfupi liko nyuma ya mlango wa jikoni, tumia hilo.