Nimepewa sifuri kwa sababu punje yangu haikugeuka bluu

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Juzi maabara tulipima wanga. Nikapasua punje ya mahindi kwa wembe, nikadondoshea iodini. Za wenzangu zote zikawa bluu ya kukaribia weusi. Yangu ikawa nyekundu ya kahawia. Mkufunzi akachungulia, akasema iodini yangu imeharibika. Iodini gani? Chupa ilikuwa moja, tumepokezana meza nzima! Nikamwambia hii punje ni ya mahindi ya nta, haina amilosi. Akacheka. Sifuri.

Bluu ile inaletwa na amilosi, mnyororo mrefu unaojizungusha kama springi na kuibana iodini katikati. Kwenye punje ya kawaida amilosi ni kama robo tu ya wanga. Nyingine yote ni amilopektini, yenye matawi. Na kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia kwenye seli) kinachoijenga amilosi kwenye punje ni kimoja, sinthesi ya wanga iliyong'ang'ania ndani ya chembe yenyewe ya wanga. Jeni yake ikiharibika, amilosi inakwisha lakini wanga unabaki tele. Mahindi haya yameelezwa kwenye maandishi ya kisayansi tangu 1909, mbegu zake zikitoka China. Zaidi ya miaka mia! (Nta haimo humo jamani, ni mng'ao wa punje ikikatwa.)

Ningenyamaza, lakini pepa nayo ikarudi. Swali: ADP-glukosi (sukari ambayo ndiyo tofali la kujengea wanga) inatengenezwa wapi kwenye punje ya nafaka? Nikajibu kwamba sehemu kubwa inatengenezwa kwenye sitosoli, yaani majimaji ya seli, kisha inavushwa na protini maalumu kuingia kwenye amiloplasti, kifuko cha seli kinachotunza wanga. Alama nyekundu ya kosa! Eti jibu ni "ndani ya plastidi" (kundi la vifuko ambamo amiloplasti nayo imo). Hilo ni jibu la jani. Ni jibu la kiazi. Endospamu ya nafaka, yaani akiba ya chakula ndani ya punje, ina utaratibu wake, na swali limeandika NAFAKA kwa herufi kubwa.

Halafu notisi zake zinasema amilesi ndiyo inayojenga wanga. Amilesi! Hiyo inauvunja, mbegu inapoota. Ni kama kumsifu mbomoaji kwa kujenga nyumba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu tamu ya somo hakuigusa kabisa. Kuna vimeng'enya vinavyokata kipande cha mnyororo na kukipachika pembeni kiwe tawi, halafu kuna vingine kazi yao ni kupogoa matawi yaliyokaa ovyo. Ungedhani anayepogoa anapunguza wanga. Wapi! Isoamilesi, kimojawapo cha hivyo vinavyopogoa, ikikosekana kwenye mahindi, matawi yanasongamana, molekuli inashindwa kujipanga kuwa chembe, na badala ya wanga unapata kitu kinachoyeyuka majini kinachofanana na glaikojeni, ile akiba ya sukari ya ini. Punje inajaa sukari, ikikauka inajikunja kama ngozi ya kizee. Ndiyo asili ya aina za zamani za mahindi matamu. Unafundishaje wanga wa nafaka bila kulitaja hili?

Anayebisha aje na hoja, si "mheshimu mwalimu wako". Namheshimu. Maksi zangu ndizo ninazotaka.

Nusu ya pili ya punje sijaitia dawa, ipo kwenye bahasha. Jumatatu naenda nayo ofisini kwake. Iodini atoe yeye, kutoka chupa anayoiamini.