Nataka kuwa afisa wa jeshi: niombe chuo cha maafisa sasa, nisome shahada kwanza, au nianze kama askari?

Nyota_Moja

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni msichana wa miaka 20, nimemaliza sekondari na matokeo yangu ni mazuri, hasa hesabu na fizikia. Tangu utotoni nimetaka jambo moja tu, kuwa afisa wa jeshi la nchi kavu. Sasa nimefika njia panda, na kila ninayemuuliza ananivutia upande wake.

Naweza kuomba chuo cha maafisa moja kwa moja na kutoka huko na kamisheni, yaani hati ya kuwa afisa. Pia nimepata nafasi chuo kikuu kusomea uhandisi wa ujenzi, miaka minne, halafu niombe kozi ya maafisa nikiwa na shahada mkononi. Au niingie depo, kambi ya mafunzo ya askari wapya, kama kuruta, nitumikie kama askari, kisha nipendekezwe kwenda kozi. Mama anasema shahada kwanza. Mjomba wangu, sajini mstaafu, anasema afisa ambaye hajawahi kulala handakini na askari hana la kuwaambia. Baba hasemi kitu, na kimya chake kinanitia hofu kuliko maneno ya hao wawili.

Siulizi njia rahisi. Nauliza njia itakayonifanya afisa mzuri. Naombeni ushauri, hasa kwa waliopita huko.

Kombati_Kuukuu

Mdogo wangu, mimi nilitumikia miaka sita kama askari, nikafika koplo, ndipo nikaenda kozi ya maafisa. Mjomba wako anasema kweli. Nilipopewa platuni yangu ya kwanza, kikundi cha askari cha kuongoza, nilijua mlinzi wa saa tisa usiku anawaza nini. Nilijua askari akisema "hakuna tatizo, afande" kwa sauti fulani, tatizo lipo. Nilikuwa nimewahi kusimama kwenye mvua nikisubiri amri kutoka kwa luteni aliyetusahau, nami nikaapa sitamfanyia hivyo mtu yeyote. Hayo hayapatikani darasani.

Yapo majeshi yanayoamini hivyo kabisa. Israeli, kwa mfano, maafisa wake kwa kawaida huchaguliwa miongoni mwa askari walio tayari kwenye utumishi. Uingereza iko habari ya William Robertson: aliingia jeshini mwaka 1877 kama askari wa kawaida kabisa, akapata kamisheni mwaka 1888, na mwaka 1920 akawa fildimasha, cheo cha juu kabisa. Hakuna mwingine katika jeshi lile aliyepanda kutoka chini kabisa hadi pale. Baba yake alikuwa fundi cherehani.

Lakini nisikufiche. Depo niliingia na vijana wengi wenye ndoto hii hii uliyonayo, na tulioitwa kwenye kozi tulikuwa wachache mno. Mapendekezo yanatoka kwa kamanda wako. Akihamishwa, unaanza upya na kamanda mgeni asiyekujua. Kikosi kikiwa na kazi nyingi, hakuna anayetaka kumwachia askari wake bora aende shule. Miaka inapita, na umri una kikomo. Baadhi ya wenzangu walikuwa hodari kuliko mimi na hawakuitwa. Ukiingia kwa mlango huu, ingia ukiwa tayari kuupenda uaskari wenyewe, hata kama nyota haitakuja.

Ramani_na_Dira

Namheshimu sana mkuu hapo juu, lakini ile kauli ya mjomba ina upungufu. Inadhani kwamba kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, anaingia chuoni akiwa afisa tayari. Siyo hivyo. Miezi ya mwanzo kadeti hana cheo wala jina. Anasugua sakafu, anapiga kwata, analala saa chache, anaongozwa na makadeti wenzake waliomtangulia na kuonja uongozi mzuri na mbaya ulivyo. Kaulimbiu ya Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, ni "Tumikia ili uongoze", na wanaianza kwenye "tumikia".

Kitu kingine ni kwamba neno "chuo cha maafisa" linafunika mambo yasiyofanana. Sandhurst kozi ni wiki 44, na wengi wanaoingia wana shahada tayari. West Point ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1802, ni miaka minne, na unatoka na shahada pamoja na kamisheni. India kijana anamaliza sekondari, anakaa miaka mitatu kwenye chuo cha Khadakwasla na wenzake wa majeshi yote matatu, kisha mwanajeshi wa nchi kavu anakwenda chuo cha Dehradun mwaka mmoja. Ujerumani wana vyuo vikuu vyao vya jeshi Hamburg na Munich tangu 1973, na afisa mwanafunzi anasoma shahada akiwa ameshavaa sare. Kwa hiyo kabla hujachagua kati ya chuo cha maafisa na shahada, angalia kama chuo unachokiomba hakikupi vyote viwili. Ugomvi wako na mama unaweza kuishia hapo.

Mimi nilipita njia hii. Kilichonisaidia zaidi ni wale tulioteseka pamoja. Hadi leo nikihitaji msaada kutoka kikosi kingine, upande wa pili wa simu yuko mtu tuliyegawana naye maji ya chupa moja mlimani. Udhaifu wa njia hii ni kwamba unatoka ukiwa kijana sana na umeishi ndani ya uzio muda wote. Siku ninakabidhiwa platuni, sajini wangu alikuwa na miaka mingi kazini, mimi sikuwa na hata wiki. Nilimwomba tukae chini aniambie kila alichoona kwa askari wale, na nikanyamaza nisikilize. Kuna mwenzangu aliyeona aibu kufanya hivyo, na platuni yake ilimsumbua mwaka mzima.

Mlango_Wazi

Nyota, mimi ni dada yako, na sikufika. Nilikuwa chuo cha maafisa, mwaka wa pili, goti likapasuka. Nilificha maumivu karibu mwezi mzima kwa sababu sikutaka kuonekana dhaifu, na madaktari waliponiona uharibifu ulikuwa mkubwa. Nikarudishwa nyumbani na begi langu. Sikuwa na shahada, sikuwa na cheti chochote cha kazi, na niliowaacha chuo kikuu walikuwa wanakaribia kumaliza. Ilinichukua muda mrefu kusimama tena. Nashukuru nilisimama.

Ndiyo maana naona wote hapa wanakujibu swali la kufika. Niulize la kutofika. Kwa kila njia, ukikwama katikati, kwa ugonjwa, kwa kufeli, au kwa kugundua siyo maisha yako, utabaki na nini mkononi? Chuo kikuu, utabaki mhandisi. Uaskari, utabaki askari mwenye mshahara na fani, ukipangiwa fani nzuri. Chuo cha maafisa inategemea masharti yake, na masharti hayafanani. West Point, kwa mfano, kadeti anaweza kuondoka kabla ya kuanza mwaka wa tatu bila deni la utumishi. Akishavuka hapo, amejifunga, na akihitimu anadaiwa angalau miaka mitano ya utumishi wa kudumu. Omba usomewe masharti ya chuo chako kabla ya kusaini: unadaiwa miaka mingapi, deni linaanza lini, na ukiondolewa kwa sababu za kiafya nani anabeba gharama. Mimi nilisaini bila kusoma ukurasa wa mwisho.

La pili ni umri. Panga milango yako kwa namna inavyofungwa. Chuo cha maafisa cha kuingia kutoka sekondari ndicho hufunga mapema. Huko West Point, kwa mfano, kuna kikomo cha umri wa kuingia. Kozi za wenye shahada kwa kawaida husubiri zaidi. Una miaka 20. Uhandisi miaka minne unakufikisha 24, na wakati huo mlango wa kwanza huenda hauko tena. Anza na ule unaofungwa kwanza, huku ukishikilia ule unaoweza kusubiri.

Bomba_na_Kalamu

Naongeza kidogo. Kuna njia ya nne ambayo hujaitaja, ya wataalamu. Madaktari, wanasheria na viongozi wa dini katika majeshi mengi huingia na taaluma zao, wakapata kozi fupi na pengine cheo cha juu kuliko luteni usu, cheo cha kwanza cha afisa. Lakini wewe umesema unataka kuongoza askari, na wengi wanaoingia hivyo huongoza idara zao, siyo platuni. Kwa hiyo sikushauri uisubiri.

Na usidharau shahada. Marekani wana mpango wa kuwafunza vijana uafisa wakiwa vyuo vikuu vya kawaida, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1916. Colin Powell alipita huko akisoma jiolojia, akapata kamisheni mwaka 1958, na mwaka 1989 akawa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi. Aliyeshika kiti hicho mwaka 1982, John Vessey, alikuwa askari wa kawaida aliyepewa kamisheni vitani, huko Anzio, mwaka 1944. Baada ya miaka ishirini kazini, hakuna anayekuuliza ulipitia wapi.

Nyota_Moja

Asanteni sana. Dada Mlango_Wazi, nimesoma maneno yako mara tatu, na pole kwa yaliyokupata. Nilikuwa sijawahi kuhesabu umri hivyo. Nina swali ambalo naona aibu kuliuliza nyumbani: je, kuwa mwanamke kunabadilisha lolote katika kuchagua njia?

Luteni_Mama

Kunabadilisha, mdogo wangu, ila si kwa namna unayoiogopa. West Point ilipokea wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Khadakwasla, mwaka 2022 tu. Kwa hiyo kuna sehemu utakuta desturi imekomaa na sehemu utakuta ndiyo kwanza inajengwa. Uliza mambo ya wazi: makadeti wa kike ni wangapi, wanalala wapi, wakufunzi wa kike wapo, vikosi gani vimefunguliwa kwao, na kuna masharti gani kuhusu ndoa na ujauzito wakati wa mafunzo. Vyuo vingi havikubali kadeti aliyeolewa. Kama kuna mchumba, mweleze leo.

Na makadeti wa kike mkiwa wachache, kila mtu atakumbuka kosa lako. Mimi nilichoka sana kwa hilo mwaka wa kwanza. Tafuta mwenzako mmoja wa kumwambia ukweli kila jioni.

Nyota_Moja

Naleta mrejesho. Jana nilimuuliza baba ana maoni gani. Akaniambia hapingi, ila kila akifikiria sare anafikiria pia siku simu itakayopigwa nyumbani. Tulikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza fomu zinafungwa lini.

Naomba chuo cha maafisa mwaka huu. Nimekiandikia chuo kikuu kuomba kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Wakikubali, nikikosa usaili nitaenda uhandisi na kujaribu tena na shahada. Mjomba bado hajafurahi, lakini amesema atanifundisha kupanga begi. Mbio ndizo zinanitisha, sijawahi kukimbia umbali mrefu. Nianzeje?

Kombati_Kuukuu

Wiki mbili za kwanza tembea haraka tu, nusu saa kila siku. Kisha changanya, kimbia dakika mbili, tembea mbili. Mzigo mgongoni usiuguse kabla ya mwezi wa pili.

Mlango_Wazi

Na viatu vipya usivianzie kwenye mbio ndefu. Goti likiuma, sema siku hiyo hiyo.