Naomba ushauri: nipunguze kazi zipi kwenye ushonaji nipate muda wa nyumbani?

Salaam ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani hapa Tanga, nafanya kazi peke yangu. Napokea kila kitu: madera, sare za shule, suti za kike, mapazia, hadi kubadilisha zipu. Hela ya kula haikosi, alhamdulillah, ila narudi nyumbani watoto wamelala, na WhatsApp ya wateja hailali. Mtu anakutumia picha ya mshono saa tano usiku, anataka bei hapo hapo!

Nafikiria nibaki na madera na sare tu. Dera halina mambo mengi, nakata kadhaa kwa mkupuo mmoja, napitisha overloki, kwisha. Suti ndiyo inayonimaliza: gamu ya kukazia kitambaa, bitana ya ndani, mteja aje kujaribu, arudi tena kwa sababu kiuno kimembana. Bei yake inavutia, lakini ukigawa kwa saa nilizokaa nayo, dera linamlipa fundi vizuri zaidi. Zipu sina hamu nazo kabisa.

Wasiwasi wangu ni kwamba sare zina msimu, Januari zinajaa, baadaye kimya. Na wateja wa suti ndio haohao wanaoniletea madera ya Idi.

Waliowahi kupunguza kazi, mliwaambiaje wateja wa zamani bila kuwaudhi? Na simu ya kazi mnaizima saa ngapi? Kuajiri msaidizi sitaki, naomba tusiende huko.