Sensa ya India: wasemaji wa Kihindi ni milioni 528 au milioni 322?

Mleta mada: Wakuu, sensa ya India ya 2011 inasema Kihindi ni lugha mama ya watu milioni 528, asilimia 43.63 ya nchi. Fungua jedwali la ndani sasa. Waliotaja "Kihindi" kwa jina hilo ni milioni 322. Wengine walisema Kibhojpuri (milioni 50.6), Kirajasthani (25.8), Kichhattisgarhi (16.2), Kimagahi (12.7) na majina mengine kadhaa, wote wakakunjwa humo humo. Sensa ya 2027 iache mchezo huu.

Chekecheke: Taratibu, mkuu. Mwaka 2011 ofisi ya sensa ilipokea majina ghafi ya lugha 19,569, kama watu walivyojibu. Humo mna jina moja lililoandikwa kwa tahajia kumi, mna majina ya vijiji na ya jati (matabaka ya kuzaliwa). Ukichapa hivyo hivyo unapata fujo tupu. Yakachekechwa hadi 1,369, kisha yakapangwa katika lugha 121 zenye wasemaji 10,000 na zaidi. Lazima mtu akate mahali.

Mleta mada: Kuchekecha sina ugomvi nako. Kuunganisha tahajia mbili za Kibhojpuri ni usafi. Kukiweka Kibhojpuri chini ya Kihindi ni uamuzi, na kanuni yake ni siasa. Kimaithili kilikaa chini ya Kihindi hadi Bunge lilipopitisha marekebisho ya Katiba Desemba 2003, kikaingia Jedwali la Nane, orodha ya lugha zinazotambuliwa na Katiba, pamoja na Kibodo, Kidogri na Kisantali. Majedwali ya sensa ya 2001 yalipotoka, kikaonekana kivyake. Sarufi yake ilibadilika lini?

Mwanaisimu: Na sarufi ndiyo inayowaumbua. "Nitafanya" kwa Kihindi ni *karunga*. Kwa Kibhojpuri ni *karab*, kwa Kibengali *korbo*. Hiyo *b* ya wakati ujao inakivuta Kibhojpuri mashariki, upande wa Kibengali, mbali na Delhi.

Chekecheke: Lakini Kimvita na Kiunguja si vyote tunaviita Kiswahili?

Mwanaisimu: Tunaviita, na wenyewe wanaviita hivyo. Wale milioni 50.6 waliulizwa wakataja jina lingine. Kwa mfano wa karibu na kwetu tazama Kikachi, lugha ya Wahindi wenye asili ya Kachi (Kutch) huko Gujarat: India inakihesabu ndani ya Kisindhi, watu zaidi ya milioni 1 kati ya milioni 2.77. Kiisimu wana hoja, ni ndugu. Ila kamwambie Mkachi wa Mombasa kwamba anasema Kisindhi, uone.

Karani: Mnabishana juu ya ofisi, makosa yanaanzia mlangoni. Maelekezo yanasema lugha mama ni ile ambayo mama alimsemesha mtoto utotoni. Kama mama alifariki mapema, ni ile iliyosemwa zaidi nyumbani. Karani, mara nyingi mwalimu wa shule, anatakiwa kuandika jina kama alivyotajiwa. Hatari ni kuuliza "Kihindi, siyo?" na kaya nzima kuitikia, kwa sababu Kihindi ndicho cha shule na cha heshima. Kwa hiyo hata hiyo milioni 322 msiishike kama msahafu. Katika jimbo la Punjab, sensa ya 1951, watu walijibu kwa dini na siasa kiasi kwamba Kihindi, Kipunjabi na Kipahari vilitolewa kwa jumla moja. Na bado takwimu za 1961 ndizo zilizotumika kuchora mpaka wa majimbo ya Punjab na Haryana mwaka 1966.

Chekecheke: Basi mkikata kila jina kivyake, faida yake ni nini? Faida iko kwenye Jedwali la Nane: kuingia humo kunampa mtahiniwa nafasi ya kujibu mtihani wa utumishi wa umma kwa lugha hiyo. Ila hata kuingia humo hakukupi nafasi kwenye noti: orodha ya lugha kwenye noti ya rupia bado ni 15, Kimaithili hakimo.

Mleta mada: Nepal inakihesabu Kibhojpuri peke yake, Kimaithili peke yake, hata Kidoteli kilichotengwa na Kinepali mwaka 2011. Kinepali kikashuka toka asilimia 48.6 hadi 44.6, serikali haikuanguka.

Karani: Kwa msemaji wa Kibhojpuri la kufanya ni hili: fomu ina nafasi ya lugha mama na nafasi mbili za lugha nyingine anazojua. Kibhojpuri kiende ya kwanza, Kihindi ya pili. Hapotezi kitu. Akitaja Kihindi pale juu, hakuna jedwali la ndani litakalomrudisha.