Maneno ya Kiingereza yanayofanana sauti au maandishi: kuna kanuni au ni kukariri tu?

kalamu_wazi:
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaokijua Kiingereza kwa undani. Programu ya kukagua tahajia mara nyingi inapitisha sentensi kama “The dog hurt it's leg”, maana kila neno lililomo ni neno halali. Ninayotaka kuyamaliza ni its na it's, affect na effect, principal na principle, lose na loose, advice na advise. Halafu yapo ya kusikia: ship na sheep, heart na hurt. Kuna kanuni, au ni kukariri orodha?

mzizi_wa_neno:
Mkuu, hapo umechanganya makundi mawili, na kila moja lina dawa yake. Its na it's hata Mwingereza anayatamka sawasawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Unaangalia neno linafanya kazi gani kwenye sentensi. Ship na sheep kwake ni sauti mbili kabisa. Zinafanana kwetu tu, kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano na Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Naanza na kundi la kwanza.

It's ni kifupi cha “it is” au “it has”. Lirefushe. Sentensi ikikubali, weka ritifaa (alama ya '), ikikataa, iondoe. “The dog hurt it is leg” haisemeki, basi ni its. Jaribio hilohilo linamaliza your na you're, whose na who's, their na they're. Kosa linatokana na umiliki wa nomino, ambao kweli huandikwa kwa ritifaa: “the dog's leg”. Lakini hers, ours, yours na theirs hazina ritifaa, na its iko kundi lao.

Affect na effect Kiswahili kinakurahisishia. Panapokaa “kuathiri” andika affect, panapokaa “athari” andika effect. Kuna kighairi kimoja ambacho wengi hukiona kwenye maandishi rasmi wakadhani ni kosa: effect ikiwa kitenzi maana yake ni kusababisha kitu kitokee. “To effect a change” ni kuleta mabadiliko. “To affect a change” ni kuyaathiri mabadiliko ambayo tayari yapo. Ukibadilisha herufi moja, umebadilisha habari yote.

Principle ni nomino tu, kanuni au msimamo. Principal inaweza kuwa kivumishi chenye maana ya “kuu”, kama “the principal reason”, na ikiwa nomino ni mkuu wa shule au chuo, au kiasi cha mkopo kabla ya riba. Kwa hiyo ukihitaji neno la kuieleza nomino, jibu ni principal siku zote.

ulimi_na_sikio:
Naongezea upande wa matamshi. Angalia tulivyokopa: shati kutoka shirt, basi kutoka bus, baa kutoka bar. Irabu tatu tofauti, zote tumezifanya “a”. Ndiyo sababu hurt, hut na heart zinageuka neno moja mdomoni mwetu. Heart: fungua mdomo vizuri, ulimi chini, vuta kama “aa” ya baa. Hut ni fupi na mdomo haufunguki sana. Hurt ndiyo ngumu: ulimi unabaki katikati ya kinywa, hauendi mbele kama kwenye “e” wala haushuki kama kwenye “a”, midomo imelegea, kisha unavuta. Kwa Uingereza r haisikiki humo. Wamarekani wengi huitamka.

Ship na sheep watu hufundishwa kwamba moja ni fupi na nyingine ndefu, na hapo ndipo wanapokwama. Mbele ya p, t na k hata irabu ndefu hufupika, kwa hiyo urefu peke yake hautoshi. Kwenye sheep tanua midomo na inua ulimi kama “i” yetu. Kwenye ship legeza ulimi ushuke kidogo kuelekea “e”. Ukifupisha tu “i” ya Kiswahili, bado watasikia kondoo.

Lose na loose zina irabu ileile. Tofauti iko mwishoni: lose, kupoteza au kushindwa, inaishia na sauti ya z, loose, -liolegea, inaishia na s. Kinachowapoteza watu ni choose, ambayo ina oo na bado inatamkwa kwa z. Advice na advise nazo ni hivyo: nomino ina c na sauti ya s, kitenzi kina s na sauti ya z. Na usiandike “advices”. Neno hilo halina wingi.

kalamu_wazi:
Nimeelewa. Vipi lead na led? Na desert na dessert?

mzizi_wa_neno:
Lead ya kuongoza inatamkwa “liid”, na wakati uliopita ni led. Lead nyingine ni metali ya risasi, nayo inatamkwa “led”. Ongeza na read, ambayo haibadili tahajia katika wakati uliopita, utaona kwa nini wengi huandika lead mahali pa led.

Desert ya jangwa ina mkazo silabi ya kwanza. Desert ya kutelekeza ina mkazo silabi ya pili, na hapo inalingana kabisa na dessert, kitamutamu cha baada ya mlo. Sisi tumezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana dessert hututoka kama jangwa.

Tahajia hizi si za kubahatisha. William Caxton alianzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, maandishi yakaanza kutulia huku matamshi yakiendelea kubadilika. K ya knight iliwahi kutamkwa, na meat na meet zilikuwa na irabu mbili tofauti.

Ukimaliza kuandika, tumia kitafutio cha programu yako: tafuta its, it's, your, effect, loose, lead na than, neno moja moja. Kila linapotokea lifanyie jaribio lake. Kwa than na then, uliza kama unalinganisha. Kama hulinganishi, ni then.